Seve Ballesteros: Kedi aliyeupinda mpira

Mwaka 1978 Mashindano ya Wazi ya Gofu ya Kenya, ambayo yalikuwa yameanzishwa mwaka 1967, yalinyakuliwa katika uwanja wa Muthaiga mjini Nairobi na kijana wa Kihispania aliyetimiza miaka 21 mwaka huo. Jina lake lilikuwa Severiano Ballesteros, na dunia nzima ilikuja kumwita Seve. Miaka 14 baadaye, mwaka 1992, alishinda tena katika eneo ambalo Kiswahili husikika mitaani, safari hii huko Dubai, kwenye uwanja wa nyasi uliooteshwa katikati ya jangwa.

Kati ya ushindi huo wa Nairobi na ule wa Dubai, Seve aliibadili sura ya gofu barani Ulaya. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho alifuatwa na shutuma moja. Wengi walisema kwamba hajui kuupiga mpira ukaenda moja kwa moja, na kwamba anaokolewa na bahati. Mpira wake ulitua vichakani, nyuma ya miti, hata katikati ya magari yaliyoegeshwa, na bado yeye ndiye aliyeondoka na kombe.

Maisha yake yanaonyesha kwamba kilichoitwa bahati kilikuwa elimu, ila ni elimu iliyopatikana nje ya darasa na nje ya uzio wa klabu. Ni jambo ambalo vijana wanaobeba mifuko ya fimbo Muthaiga, Entebbe, Arusha au Mombasa hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Mchanga wa Pedreña

Seve alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 katika kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Hispania, ng'ambo ya ghuba inayotazamana na mji wa Santander. Baba yake, Baldomero, alikuwa mkulima na mpiga makasia hodari katika mashindano ya mashua ya eneo hilo. Mama yake, Carmen, alitoka katika ukoo wa Sota, na kaka yake mama huyo, Ramón Sota, alikuwa mchezaji wa kulipwa aliyemaliza wa sita katika mashindano ya Masters nchini Marekani mwaka 1965. Seve alikuwa kitinda mimba, na ndugu zake wakubwa watatu, Baldomero, Manuel na Vicente, nao pia waliingia katika gofu ya kulipwa.

Jambo hilo lisimpotoshe msomaji akadhani kwamba ilikuwa familia ya wenye nafasi. Klabu ya gofu ya Pedreña, iliyofunguliwa mwaka 1928, ilikuwa ya matajiri. Watoto wa kijiji waliingia humo kama makedi, yaani wabebaji wa mifuko ya fimbo, na uwanja wenyewe haukuwa wao kuuchezea. Aliyetaka kucheza alisubiri giza liingie, akaruka uzio, akapiga mpira akiwa haoni unakotua, akijua mwelekeo wake kwa sauti ya pigo na kwa hisia za vidole tu.

Mchana, Seve alikwenda ufukweni. Silaha yake ilikuwa moja: fimbo ya chuma namba 3, aliyopewa na kaka yake Manuel akiwa bado mtoto mdogo. Mchezaji wa klabu huruhusiwa kubeba hadi fimbo 14, kila moja ikiwa na kazi yake. Kuna ya kuurusha mpira mbali, ya kuunyanyua juu, na ya kuuchomoa kwenye mchanga. Seve alizifanya kazi zote hizo kwa fimbo moja ambayo wachezaji wengi wazoefu huiogopa, kwa kuwa uso wake umesimama wima na hausamehi kosa.

Wakazi wa Al Qabil, huko Sharqiyah nchini Oman, ambako barabara ya kutoka Muscat kwenda Sur hupita kando ya bahari ya mchanga, wanaufahamu mchanga kuliko wengi. Wanajua kuna mchanga mgumu unaobeba gari na kuna mchanga laini unaolimeza. Hali ni hiyo hiyo ufukweni wakati maji yakipwa. Kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, fimbo ikitangulia kugusa chini kabla ya mpira, pigo limeharibika. Kwenye mchanga laini, ni lazima uso wa fimbo ulazwe na kufunguliwa ili chuma kisizame. Mtoto wa Pedreña aligundua hayo bila mwalimu. Aliufungua uso wa fimbo, mpira ukapanda juu na kukata kulia. Akaufunga, mpira ukaenda chini chini na kukata kushoto. Kwa kuwa hakuwa na fimbo ya pili, alilazimika kumiliki kila umbo ambalo ile moja ingeweza kutoa.

Nusu ya elfu ya sekunde

Ili kuelewa alichokuwa akijifunza, hatuna budi kuangalia kinachotokea fimbo inapokutana na mpira. Mgusano huo hudumu takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mfupi mno, mambo mawili huamua hatima ya pigo: uso wa fimbo unatazama wapi, na kichwa cha fimbo kinasafiri kuelekea wapi.

Uso wa fimbo ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa mpira utaanza safari upande gani. Tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo ndiyo inayoamua mpira utapinda vipi. Kwa mchezaji anayetumia mkono wa kulia, uso ukitazama kulia kwa njia ya fimbo, mpira utapinda kulia. Ukitazama kushoto kwa njia hiyo, utapinda kushoto. Vikilingana, na mpira ukipigwa katikati ya uso, utanyooka.

Sababu ni mzunguko. Mpira wa gofu ukipigwa sawasawa huondoka ukijizungusha kinyumenyume, na mzunguko huo huvuta hewa na kuisukuma chini. Hewa nayo huusukuma mpira juu, ndiyo maana unaelea muda mrefu kuliko jiwe lililorushwa kwa kasi ile ile. Profesa Peter Guthrie Tait wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliyachunguza hayo katika miaka ya 1890. Pale uso na njia visipolingana, mhimili wa mzunguko huo huinama, mithili ya ndege inayoinamisha bawa moja ili igeuke. Nguvu iliyokuwa ikiunyanyua mpira sasa inauvuta pia upande.

Kwa pigo la kwanza, lile linalopigwa na fimbo kubwa mpira ukiwa juu ya kijiti, hatari ni kubwa zaidi. Uso wa fimbo hiyo haulali sana, hivyo mzunguko wa kinyumenyume si mwingi, na tofauti ndogo tu kati ya uso na njia huuinamisha mhimili kwa kiasi kikubwa. Kosa la nyuzi chache linatosha kuutupa mpira msituni. Lakini kwa anayejua, hitilafu hiyo hiyo ni chombo. Anaweza kuuzungusha mpira kando ya miti, kuuegemeza kwenye upepo, au kuutuliza upande wa njia unaomfaa kwa pigo la pili.

Kwa miaka mingi vitabu vya mafunzo vilifundisha kinyume, kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo na kuishia pale uso ulipotazama. Ni katika miaka ya 2000, mitambo ya rada ya kupima mapigo ilipoenea, ndipo mafundisho hayo yaliposahihishwa. Mtoto aliyejifunza ufukweni hakuwa na kitabu cha kumpotosha. Mwalimu wake alikuwa mpira wenyewe, na mpira haukosei.

Nairobi na hewa nyepesi

Seve aliingia katika gofu ya kulipwa mwezi Machi mwaka 1974 akiwa na miaka 16. Mwaka 1976, akiwa na miaka 19, aliongoza Mashindano ya Wazi ya Uingereza huko Royal Birkdale hadi kuingia siku ya mwisho, kabla ya kupitwa na Mmarekani Johnny Miller na kumaliza wa pili sawa na Jack Nicklaus. Mwaka huo huo alishinda mashindano yake ya kwanza makubwa ya Ulaya, nchini Uholanzi.

Ilipofika 1978 alikuwa akisafiri dunia nzima, na Nairobi ilikuwa kituo kimojawapo. Gofu ya Kenya ilianza kama mchezo wa walowezi. Katika enzi za ukoloni Mwafrika alionekana uwanjani akiwa amebeba mfuko wa mtu mwingine, na wengi wa Wakenya wa kwanza kucheza kwa kulipwa walitoka miongoni mwa makedi hao. Kwa hiyo bingwa wa mwaka 1978 aliingia Muthaiga kupitia lango la wageni waalikwa, lakini historia yake ilikuwa ya wale waliosimama nje wakisubiri kuitwa wabebe mifuko.

Nairobi ina fumbo lake kwa anayeupinda mpira. Mji huo uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mpira husafiri mbali zaidi kuliko Mombasa au Santander, lakini pia hupinda kidogo zaidi, kwa kuwa hewa ya kuusukuma upande ni haba. Pigo ambalo pwani lingeuzunguka mti, Nairobi linaweza kuugonga. Mchezaji anayetegemea vipimo alivyovikariri hujikuta amepotea, na anayetegemea jicho na mkono hulazimika kupima upya kwa kila pigo. Hilo la pili ndilo alilolelewa nalo Seve.

Mwaka huo wa Nairobi ulikuwa mwaka wake wa kuchanua. Alishinda Greensboro, ushindi wake wa kwanza nchini Marekani, siku chache kabla ya kutimiza miaka 21. Kisha, katika uwanja wa The Belfry nchini Uingereza, alipiga pigo ambalo hadi leo limewekewa kibao cha kumbukumbu. Shimo la 10 la uwanja huo limejificha upande wa kulia nyuma ya miti, na maji yako mbele yake. Njia ya busara ni kupiga pigo fupi mbele, kisha la pili kuvuka maji. Akishindana na Nick Faldo wa Uingereza, Seve alichukua fimbo kubwa, akaurusha mpira kuelekea angani upande wa kushoto wa lengo, ukapinda kulia juu ya miti na maji na kutua kwenye uwanja mdogo wa shimo kwa pigo moja. Hilo halikuwa kosa lililogeuka neema. Umbo la safari ile lilikuwa limeamuliwa kabla fimbo haijainuliwa.

Katikati ya magari

Hata hivyo, jina la mwenye bahati lilimganda mwaka uliofuata. Katika siku ya mwisho ya Mashindano ya Wazi ya Uingereza ya mwaka 1979, huko Royal Lytham, pigo lake la kwanza kwenye shimo la 16 lilikwenda mbali upande wa kulia na kutua mahali palipotengwa kwa ajili ya kuegesha magari. Kwa mujibu wa kanuni aliruhusiwa kuusogeza mpira bila adhabu, akaupiga ukatua karibu na shimo, na kuhitaji mapigo matatu tu pale ambapo manne yangetosha. Alishinda kwa tofauti ya mapigo matatu, akawa mchezaji wa kwanza kutoka bara la Ulaya kulitwaa kombe hilo tangu Mfaransa Arnaud Massy mwaka 1907.

Magazeti yalimwita bingwa wa maegesho ya magari. Yeye alieleza baadaye kwamba alikusudia kupiga upande wa kulia kwa sababu ya upepo, na kwa kuwa upande ule nyasi zilikuwa zimekanyagwa na watazamaji. Msomaji anaweza kuyapokea maelezo hayo kwa tahadhari, maana ni kweli pia kwamba fimbo kubwa ilimsumbua siku ile, na mipira yake michache tu ndiyo iliyotulia kwenye nyasi fupi. Yamkini ukweli uko katikati. Alichagua upande, na mpira ukazidisha. Lakini aliyekosea na akawa anajua la kufanya baada ya kosa hawezi kuhesabiwa sawa na aliyeokota fedha njiani.

Mwaka 1980 alikuwa Mzungu wa Ulaya wa kwanza kushinda Masters, akiwa ndio kwanza ametimiza miaka 23. Alirudia ushindi huo mwaka 1983, kisha akaongeza Mashindano ya Wazi ya Uingereza ya mwaka 1984 huko St Andrews na ya mwaka 1988, tena huko Lytham. Ndiyo makombe yake matano makubwa.

Pengine pigo lililowanyamazisha wengi lilipigwa Florida mwaka 1983, katika Kombe la Ryder linaloshindaniwa na Ulaya na Marekani. Kwenye shimo la mwisho, akicheza na Fuzzy Zoeller, mpira wake ulikuwa ndani ya shimo la mchanga, karibu na ukingo wake, na alikuwa zaidi ya mita 200 kutoka lengo. Wachezaji wengi wangetumia fimbo fupi ili watoke tu. Seve alichukua fimbo ya mbao namba 3, akaupiga mpira juu ya ukingo na kuupinda kulia hadi ukafika ukingoni mwa uwanja wa shimo, na pambano lao likaisha sare. Marekani ilishinda mwaka ule kwa pointi moja tu. Mwaka 1985 Ulaya ililitwaa kombe huko The Belfry, na mwaka 1987 iliishinda Marekani nyumbani kwake kwa mara ya kwanza katika historia. Akishirikiana na Mhispania mwenzake José María Olazábal, Seve alicheza michezo 15 ya kombe hilo, wakashinda 11, wakatoka sare miwili na kupoteza miwili pekee.

Mikono iliposahau

Ushindi wa Dubai mwaka 1992, alipomshinda Ronan Rafferty wa Ireland ya Kaskazini katika mashimo ya ziada, ulipatikana katika ukanda ambao wachezaji wa gofu walizoea mchanga. Kabla ya uwanja huo wa Emirates kufunguliwa mwaka 1988, wapenzi wa gofu Oman na nchi jirani walicheza jangwani, kila mmoja akibeba kipande cha mkeka wa nyasi bandia cha kuwekea mpira wake. Hata hivyo, mtoto wa mchangani alikuwa tayari ameanza kushuka mlima.

Mgongo, uliomsumbua tangu ujanani, ulimnyima uwezo wa kuuzungusha mwili alivyozoea. Mwili ukichelewa, mikono hulazimika kuufunga uso wa fimbo peke yake, na muda wa kufanya hivyo ni ule ule wa chini ya kufumba na kufumbua. Siku moja mpira ulikwenda kulia, siku ya pili kushoto, na mchezaji asiyejua kosa litaangukia upande gani hana lengo la kuchagua. Hapo ndipo tofauti kati ya kuupinda mpira na kupindiwa na mpira ilipojidhihirisha.

Seve alitafuta tiba kwa walimu wengi, kila mmoja na nadharia yake. Aliyejifunza kwa hisia alijaribu kujifunza upya kwa maelekezo, na wengi waliomfuatilia wanaamini kwamba katika kutafuta unyoofu alipoteza hata kile kilichomfanya awe Seve. Ushindi wake wa mwisho ulikuja nchini mwake mwezi Mei mwaka 1995. Ulikuwa wa 50 katika mzunguko wa Ulaya, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwaka 1997 aliiongoza Ulaya akiwa nahodha katika Kombe la Ryder huko Valderrama, Hispania, mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika katika bara la Ulaya nje ya visiwa vya Uingereza, na Ulaya ikashinda.

Alitangaza kustaafu mwezi Julai mwaka 2007. Mwezi Oktoba mwaka 2008 alizirai katika uwanja wa ndege wa Madrid, na madaktari wakagundua uvimbe kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, akaanzisha mfuko wa kusaidia utafiti wa ugonjwa huo, na tarehe 7 Mei 2011 alifariki dunia nyumbani kwake Pedreña akiwa na miaka 54. Majivu yake yalizikwa chini ya mti katika bustani ya nyumba yake.

Mwaka uliofuata, huko Medinah nchini Marekani, Olazábal alikuwa nahodha wa Ulaya. Timu yake iliingia siku ya mwisho ikiwa nyuma kwa pointi 10 dhidi ya 6, na wachezaji wake walivaa rangi ya samawati nzito na nyeupe, zile alizozipenda Seve siku za mwisho za mashindano. Walishinda kwa pointi 14 na nusu dhidi ya 13 na nusu.

Leo mitambo ya rada inaweza kumwambia mchezaji yeyote, kwa tarakimu, uso wa fimbo yake ulitazama wapi na njia yake ilielekea wapi. Mitambo hiyo ni ghali, na kedi wa Nairobi au Kampala haioni ila kwa mbali. Lakini fimbo moja kuukuu, mpira mmoja na mahali pa kupigia bado vinafundisha somo lile lile, kwa anayekubali kuurudia mpira popote unapotua na kujiuliza kwa nini umekwenda huko. Klabu ya Pedreña, ambayo mtoto wa mkulima aliruka uzio wake usiku, ilikuja kumpa uanachama wa heshima, na leo wageni huifuata kutoka mbali kwa sababu ya jina lake.